GPS ya mkononi kwa Mlima Kenya: pesa inanunua nini?

Ziweke mezani eTrex 22x na eTrex 32x, utadhani ni pacha. Garmin ilizitoa zote mbili mwaka 2019. Skrini ni ile ile ya rangi ya inchi 2.2, betri mbili za AA zinazokaa hadi saa 25, uzito gramu 142 hivi. Bei ndiyo inayotofautiana, na ukimuuliza muuzaji sababu, jibu liko mdomoni: 32x ina kipimo cha mgandamizo wa hewa, kwa hiyo inatoa mwinuko sahihi. Si uongo, ila kwa mtu anayepanda Mlima Kenya sababu ya kuongeza pesa iko kwingine.

Tuanze na hicho kipimo. GPS peke yake hukosea mwinuko kuliko inavyokosea mahali, kwa kuwa setilaiti zote inazozisikia ziko juu ya upeo. Za upande wa pili zimezibwa na dunia yenyewe. Kipimo cha hewa huziba pengo hilo, lakini kinachopimwa ni uzito wa hewa tu, na huku kwetu karibu na ikweta hewa ina kupwa na kujaa kwake. Mgandamizo hupanda hadi kilele karibu saa nne asubuhi, hushuka hadi saa kumi alasiri, kisha huanza tena usiku. Tofauti ni kama milibari 3, na pwani milibari moja ni sawa na mita 8 hivi. Yaani kifaa kilicholala juu ya meza bila kuguswa kinaweza kudai kimepanda zaidi ya mita 20 kabla ya chai ya jioni. Kweli, 32x hujirekebisha kwa kutumia GPS, ila polepole. Dawa ni kuiwekea mwinuko kwa mkono kila unapofika mahali panapojulikana: kambi ya Old Moses mita 3,300, kambi ya Shipton's mita 4,200. Asiye na subira ya kufanya hivyo asilipie kipimo hicho.

Dira ni habari nyingine. Ndani ya 22x hakuna dira. Hujua umeelekea wapi kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo, hivyo ukisimama, mshale hauna maana. Na kwenye mlima ule saa ya kusimama ndiyo saa ya shida: mchana mawingu yanapanda kutoka mabondeni, ukungu unafunga, njia inagawanyika kwenye mawe, nawe unataka kujua uelekeo kabla ya kuinua mguu. Dira ya 32x inapima pande tatu, kwa hiyo inajibu hata ukiishika kwa kuinamisha. Hapo ndipo pesa ya ziada inaporudi. Masharti yake ni kuisawazisha upya kila ubadilishapo betri, kazi ya dakika moja ambayo wengi hawaifanyi, kisha wanakilaumu kifaa.

Mwaka 2023 Garmin ilitoa eTrex SE, na hapo hesabu ikavurugika, kwa faida ya mnunuzi. Skrini yake ni nyeusi na nyeupe, ramani haina, na kwa macho ya dukani inaonekana kama imerudi nyuma miaka kumi. Lakini ina dira, inauzwa bei ya chini, na kampuni inaitaja kukaa hadi saa 168 kwa betri mbili zile zile za AA. Skrini inayotegemea mwanga wa jua badala ya taa yake imechangia sana hapo. Kwa kupanda kwa njia ya Sirimon na kushuka kwa ile ya Chogoria, ningeichukua hiyo pamoja na ramani ya karatasi. Njia ni ya miguu, imekanyagwa. Mstari wa njia (faili la GPX) uliouingiza nyumbani unatosha. Ramani ya rangi kwenye skrini ya inchi 2.2 hupendeza zaidi kuliko inavyosaidia.

Ramani ya karatasi nayo ina mtego wake. Ramani za Survey of Kenya za kipimo cha 1:50,000 zimechorwa kwa datumu (msingi wa kupimia mahali) ya Arc 1960, ilhali GPS hutoka kiwandani ikiwa kwenye WGS 84. Ukisoma namba za kimoja na kuzitafuta kwenye kingine, unapotea kwa takriban mita 300, nyingi zikiwa za kaskazini na kusini. Kwenye ukingo wa bonde la Gorges, mita 300 zinatosha kukuweka hewani. Badilisha datumu kwenye mipangilio kabla ya kuondoka. Jambo jingine ni ikweta: ukitumia gridi ya UTM, inayohesabu kwa mita, namba ya kaskazini huanzia sifuri upande wa juu wa mstari, na upande wa chini huhesabiwa kutoka 10,000,000 kurudi nyuma. Nanyuki namba ni ndogo. Kilele cha Batian, kilomita 17 hivi kusini mwa ikweta, ni karibu 9,983,000. Kifaa hakijaharibika.

Kuhusu kukishika: antena ya eTrex ni bapa, iko ndani, hupokea vizuri skrini ikitazama juu. Ukiining'iniza mkandani uso ukitazama mbele, unaizibia nusu ya anga kwa mwili wako. Iwashe getini, kwenye uwazi, usingoje ufike kwenye msitu wa mianzi. Kila setilaiti hutuma taarifa za njia yake kwa mwendo wa biti 50 tu kwa sekunde, kwa hiyo kifaa kinahitaji nusu dakika ya kuisikiliza bila kukatizwa, na majani mabichi hukatiza.

Betri za alkalini huchoka upesi kwenye baridi. Usiku wa kwenda kilele cha Lenana tia za lithiamu, halafu uende kwenye mipangilio ukachague aina hiyo, la sivyo alama ya chaji itakudanganya. Na ukikuta eTrex 10 iliyotumika, ya toleo la 2011, fungua kwanza mfuniko wa nyuma: kama springi za betri zina kutu ya kijani au mpira wa kuzuia maji umepasuka, irudishe kwa mwenyewe hata kama skrini inang'aa.