Habari Yenye Mzigo: Kupima Mkondo wa Matokeo ya Roboti

Mkondo wa matokeo mubashara ni huduma inayotoa matokeo ya mechi ili yasomwe kwanza na programu, kisha na mtu. Katika mashindano ya roboti ya wanafunzi, mwamuzi mkuu akishathibitisha matokeo, mfumo wa uwanjani huyapeleka kwenye seva, na seva huyagawa kwa kila mwenye ufunguo wa kuusoma mkondo: mwanafunzi anayetengeneza ubao wa matokeo wa shule, au mwalimu anayejaza jedwali lake. FIRST, taasisi iliyoanzishwa Marekani na Dean Kamen mwaka 1989, ina mkondo rasmi wa mashindano yake ya FIRST Robotics Competition. The Blue Alliance, kazi ya watu wanaojitolea, huyakusanya matokeo hayo na kuyatoa kwa sura iliyo rahisi kutumia. Mashindano ya VEX yana RobotEvents. Ufunguo wa The Blue Alliance hupatikana bure kwa kujisajili, kwa hiyo mtu wa Tabora anaanza na malighafi ileile aliyo nayo mtu wa Houston. Kinachobaki kupimwa ni kazi ya mkono: ubao uliojengwa juu ya mkondo huo.

Neno la kwanza la kuchunguza ni hilo "mubashara". Mechi ya FIRST Robotics Competition msimu wa 2024 ilikuwa na sekunde 15 za roboti kujiendesha zenyewe, kisha dakika 2 na sekunde 15 za kuongozwa na wanafunzi. Wakati huo wote namba zilikimbia kwenye skrini ya ukumbini, lakini namba hizo ni makadirio. Waamuzi hukaa, huhesabu, huongeza adhabu, na hapo ndipo matokeo rasmi hutoka. Mikondo mingi hupeleka hayo rasmi tu. Ubao unaojigamba kuonyesha pointi sekunde kwa sekunde utiliwe shaka kabla ya kusifiwa: ama unasoma makadirio, ama unabahatisha. Ubao mzuri huandika wazi "ya muda" au "rasmi", na hauoni haya kuchelewa.

Kipimo cha pili kinamtambulisha fundi mara moja. Katika data ya The Blue Alliance, mechi ambayo haijachezwa hubeba alama -1 kwa kila upande. Aliyezoea netiboli na kandanda za michezo ya sekondari ya UMISSETA, ambako mchezo huanza na sufuri kwa sufuri, hawezi kulitarajia jambo hilo, na fundi mvivu huiacha -1 ipite hadi kwenye skrini. Watazamaji huona timu zimefungana kwa hasi moja kabla roboti haijawashwa. Mbaya zaidi, fundi huyo akikokotoa wastani, hasi hizo huingia ndani na kuushusha bila mtu kugundua. Nafasi ya mshindi nayo ina mtego wake. Huachwa tupu kabla ya mechi, na huachwa tupu vilevile mechi ikiisha kwa sare. Utupu wenye -1 ni mechi inayosubiriwa. Utupu wenye alama zinazolingana ni sare. Ubao unaoandika "bado" mbele ya mechi iliyokwisha kwa sare umejengwa na mtu ambaye hakuisoma data yake hadi mwisho.

Lakini kipimo kikubwa kuliko vyote ni kama matokeo yanakuja na mzigo wake, na hapa historia ya Tabora inasaidia kuliko kitabu cha kompyuta. Desemba 1866 wapagazi wa kisiwa cha Anjouan waliomtoroka mpelelezi David Livingstone, wakiongozwa na Musa, walifika Zanzibar na habari kwamba ameuawa. Habari ilikuwa fupi na ya haraka, tena haikuwa na cha kushikika. Ilibidi msafara wa kumtafuta, wa E. D. Young, uende Ziwa Nyasa mwaka 1867 ndipo ionekane kuwa ni uongo. Miaka sita baadaye Livingstone alikufa kweli, kijijini kwa Chitambo. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao hawakutuma neno tupu. Waliukausha mwili, wakaubeba pamoja na karatasi na vyombo vyake, na Oktoba 1873 wakafika Unyanyembe, penye Tabora ya leo, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron alishauri azikwe hapohapo. Walikataa, wakaendelea na njia ya misafara hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Mwili ulipofika London, daktari Sir William Fergusson aliutambua kwa mfupa wa mkono wa kushoto uliovunjwa na simba miaka 30 kabla. Habari ya pili ilikuwa ya polepole mno, lakini yeyote aliyetaka kuikagua alikuwa na mahali pa kushika.

Jumla ya pointi peke yake ni habari ya Musa. Mchanganuo wa pointi ndio mzigo wa Chuma na Susi. Msimu wa 2024, kosa la kawaida liliwapa wapinzani pointi 2 na kosa kubwa pointi 5, na pointi hizo huhesabiwa ndani ya jumla ya upande uliofaidika. Muungano wa timu uliopata pointi 60 unaweza kuwa umezitafuta zote wenyewe, au ukawa umezawadiwa 20 na makosa ya wapinzani. Mkondo wa The Blue Alliance hutenganisha pointi za kujiendesha, za kuongozwa na za adhabu. Ubao unaozitupa sehemu hizo na kubakiza jumla umetupa kitu pekee kinachomwezesha mtazamaji kuuliza swali. Kuna njia rahisi ya kukagua: yachukuliwe matokeo ya mechi yoyote, sehemu zijumlishwe kwa mkono, na jibu lilinganishwe na jumla iliyoandikwa. Zikipishana, kuna kitu kimepotea njiani.

Mzigo huo unahusu pia nani alicheza. Roboti hushindana kwa miungano, mwekundu na wa buluu. FIRST Robotics Competition huweka timu tatu kila upande, FIRST Tech Challenge mbili. FIRST Global, iliyofanyika kwa mara ya kwanza Washington Julai 2017, hufanya nchi ziwe timu na kuziunganisha vivyo hivyo. Kwa hiyo kuandika kwamba timu fulani "imepata 85" ni kusema nusu ya jambo, kwa kuwa pointi ni za muungano. Ubao wa kuaminika hutaja wenzake wote. Huonyesha pia timu iliyoondolewa, na ile iliyocheza mechi ya kujaza nafasi, ambayo haihesabiwi katika msimamo wake. FIRST LEGO League ina hesabu nyingine kabisa: timu hupewa raundi tatu rasmi, na iliyo bora ndiyo inayochukuliwa. Ubao unaozijumlisha raundi hizo unaweza kupendeza kwa rangi na herufi, na bado ukawa hauna thamani yoyote.

Matokeo rasmi nayo hubadilika. Waamuzi husahihisha kosa la hesabu, na mechi huweza kurudiwa mitambo ya uwanja ikiharibika. Programu changa hudhani kwamba kilichoandikwa kimeandikwa, haisomi tena mechi iliyokwisha, na kufikia jioni msimamo wake unatofautiana na wa ukumbini. Programu iliyokomaa husoma upya, hubadilisha namba, na huacha alama ndogo kuonyesha kwamba pamerekebishwa. Kubadilisha kimyakimya ni bora kuliko kutobadilisha, ingawa mwalimu aliyekwisha kuitangaza namba ya kwanza mbele ya darasa atatamani angeonywa.

Saa inahitaji jicho la pekee, kwa sababu Kiswahili kina saa yake. Mkondo wa The Blue Alliance huandika muda kwa kuhesabu sekunde tangu mwanzo wa 1970 kwa saa za Greenwich. Mechi ya fainali za FIRST huko Houston, mwezi Aprili, inayoanza saa 9 alasiri kwa saa za huko, huwa ni saa 5 usiku Tabora. Ubao unaoandika 23:00 si wa makosa, ila haujafika nyumbani. Unaoandika "saa 11 usiku" umeitafsiri namba na kuiacha saa, na utamwamsha mtu alfajiri mechi ikiwa imekwisha zamani. Siku nayo ina utata: kwa wazee wengi, usiku unaofuata Ijumaa ni usiku wa Jumamosi, hivyo tarehe iandikwe kwa namba pembeni. Dalili moja haikosei. Ubao ukionyesha mechi ya saa 9 usiku, tarehe 1 Januari 1970, muda haukuwepo kwenye data, na programu imeusoma kama sufuri.

Mkondo wenyewe huwa na muda wa aina kadhaa: uliopangwa, unaokisiwa, uliotimia, na wa kutolewa matokeo. Ratiba za mashindano haya huteleza. Anayeonyesha muda uliopangwa pekee hajamsaidia mtu. Wa kutazamwa ni unaokisiwa.

Mwisho ni bando. Kuna njia mbili za kupata jipya: seva ikusukumie taarifa, au programu iulize kila baada ya muda. Kusukumiwa kunahitaji anwani inayofikika kutoka nje, na kompyuta inayotumia intaneti ya simu darasani kwa kawaida haina. Kuuliza kunatosha, mradi kufanywe kwa adabu. Kila jibu la The Blue Alliance huja na muhuri. Programu huurudisha muhuri huo katika swali linalofuata, na kama hakuna kilichobadilika seva hujibu kwa namba 304 bila kutuma data tena. Ubao usiojua muhuri hupakua mashindano mazima kila unapouliza. Hilo halihitaji utaalamu kulitambua, linaonekana kwenye matumizi ya data ya simu baada ya saa moja.

Jaribio la kumalizia hufanywa kwa kuizima data ya simu katikati ya mashindano, kisha kusubiri. Ubao duni hubaki mweupe, au huendelea kuonyesha namba za zamani kana kwamba ni za sasa hivi. Ulio bora hubakiza matokeo ya mwisho uliyoyapata na kuandika juu yake saa yalipopokelewa. Data ikirudi, huanza kwa kuzisoma upya mechi zilizopita kabla ya kuongeza mpya.