Kumwonyesha mwanafunzi seli iliyo hai

Somo la seli katika kidato cha kwanza lina desturi yake. Mwalimu huchora ubaoni mstatili na duara, huandika majina ya sehemu pembeni, wanafunzi hunakili, na baada ya wiki wanaulizwa majina hayo hayo. Shule yenye hadubini huongeza kipindi cha maabara: ngozi ya kitunguu, tone la ayodini, mchoro kwenye daftari. Mwanafunzi anatoka hapo akitaja saitoplazimu na kiini bila kujikwaa. Lakini mwulize seli aliyoiona ilikuwa hai au imekufa, na amejuaje, uone atakavyomgeukia mwenzake.

Swali hilo lina uzito kuliko majina yote ya ubaoni. Seli ndiyo kitu kidogo kabisa tunachokihesabu kuwa hai, na mwanafunzi asiyejua seli hai inafanya nini ambacho mfu haiwezi amejifunza ramani ya mji ambao haujui una watu au ni mahame. Kipindi cha kitunguu kinaweza kumjibu. Kinahitaji kupangwa upya kidogo, kitunguu chekundu badala ya cheupe, na chumvi ya jikoni.

Tuanze na kilichowahi kuonekana kwanza. Mwaka 1665 Robert Hooke alichapisha London kitabu cha michoro ya vitu vidogo, kikiwamo kipande chembamba cha koki, lile gome jepesi linaloziba chupa. Alikikata kwa kisu alichokinoa kikawa kama wembe, akakiweka juu ya kitu cheusi ili weupe wake ujitokeze, akakimulika kwa lenzi. Aliona vyumba vidogo vilivyopangana. Kisha alifanya jambo ambalo madarasa mengi hulisahau: alihesabu. Vyumba 60 hivi vilijipanga katika sehemu moja ya 18 ya inchi, maana yake 1,080 kwa inchi nzima, na katika inchi moja ya ujazo 1,259,712,000. Mwanafunzi mwenye kikokotoo anaweza kuzidisha 1,080 kwa 1,080, kisha tena kwa 1,080, akaipata namba ile ile, na akigawa milimita 25.4 kwa 1,080 atapata upana wa seli ya koki: kama milimita 0.02.

Alichokiona Hooke, hata hivyo, kilikuwa kuta tupu. Koki ni tishu iliyokwisha kufa; wenye nyumba waliondoka zamani. Uhai wenyewe ulionekana miaka michache baadaye huko Delft, Uholanzi, pale muuza vitambaa Antoni van Leeuwenhoek alipotazama maji ya ziwa mwaka 1674 kwa kilenzi kimoja kidogo alichokitengeneza mwenyewe. Aliona viumbe vikiogelea. Hakuhitaji kubishana na mtu kama viko hai, maana vilikuwa vinakwenda.

Kipindi chetu cha kitunguu na ayodini kinamrudia Hooke na kuishia kwake. Ayodini inaua seli. Inaipaka rangi ya manjano iliyokoza, kiini kinajitokeza vizuri, na kila kitu kinatulia kwa sababu kimekufa. Hiyo ni hatua halali na sitaki iachwe. Shida ni kwamba mara nyingi ndiyo hatua ya mwisho.

Hebu tuipitie kazi yenyewe. Kitunguu huchaguliwa kwa sababu moja kubwa: kila tabaka lake nene limevikwa, upande wa ndani ulioingia kama kikombe, ngozi laini inayobanduka kwa ukucha, na ngozi hiyo ina unene wa seli moja tu. Hadubini ya shule hupitisha mwanga kutoka chini kwenda juu. Ukiweka kipande cha jani zima, mwanga unakwama kwenye seli zilizopandana na mtoto anaona kiza cha kijani. Mweleze hilo kabla hajashika kibanio, naye ataelewa kwa nini anahangaika na ngozi badala ya kukata kipande kinene akamaliza.

Tone la maji huwekwa kwenye slaidi kwanza, ngozi hufuata, ikanyooshwa isijikunje. Kile kijikioo chembamba cha kufunikia kisimamishwe kwa ukingo wake mmoja, kisha kilazwe taratibu kama anayefunga kitabu. Ukikidondosha bapa, hewa inanaswa chini yake, na povu la hewa chini ya hadubini ni duara zuri lenye ukingo mweusi wa kupendeza. Wanafunzi wengi huchora povu hilo kwa bidii wakidhani ndilo seli. Mwalimu asilifute, aliweke katikati ya uwanja wa kuonea, kila mtu alione mara moja, na baada ya hapo hakuna atakayedanganywa nalo.

Mtu aanze na lenzi ndogo kuliko zote. Ashushe lenzi karibu na slaidi huku akitazama kutoka ubavuni, kisha aweke jicho na kuipandisha polepole mpaka picha itulie. Anayefanya kinyume, akishusha huku jicho liko kwenye hadubini, ndiye anayevunja slaidi na kukwaruza lenzi, na katika shule yenye hadubini mbili hasara hiyo hukaa miaka.

Kabla ya ayodini kuingia, naomba dakika kumi za kupima. Weka rula ya plastiki inayopenya mwanga chini ya lenzi ndogo inayokuza mara 40. Kwenye hadubini nyingi za shule uwanja wa kuonea utakuwa na upana wa milimita 4.5 hivi. Ukipanda hadi mara 100, upana huo unagawanyika kwa 2.5 na kubaki 1.8. Sasa mwanafunzi ahesabu seli zilizolala kwa urefu kutoka ukingo hadi ukingo. Akipata 6, kila moja ina urefu wa milimita 0.3. Amempata Hooke kwa njia ya Hooke, na amegundua kwamba seli ya kitunguu ni jitu: chembe nyekundu ya damu yake mwenyewe ina upana usiofika milimita 0.01. Mchoro wa ubaoni hauna njia ya kumwambia hayo.

Ayodini ikishaingia, kiini kinaonekana, mara nyingi kimesukumwa ubavuni. Mwulize kwa nini hakiko katikati kama kwenye kitabu. Jibu liko kwenye vakuoli, ule mfuko mkubwa wa maji unaojaza sehemu kubwa ya seli ya mmea na kubana vingine vyote ukutani. Lakini kwenye ngozi hii vakuoli haionekani, haina rangi. Mwulize pia kwa nini hakuna chembe za kijani, na kwa nini ayodini haikugeuka nyeusi kama inavyogeuka kwenye kiazi. Kitunguu hukua kwenye udongo na akiba yake ni sukari, hakihifadhi wanga. Hayo mawili yanajibika kwa kufikiri tu, na mtoto anayeyajibu mwenyewe hayasahau.

Hapa ndipo ninapotaka kitunguu chekundu. Vitabu vingi vilivyoandikwa Ulaya vinachukulia kwamba kila kitunguu ni cheupe ndani, kwa hiyo vinakimbilia dawa ya kupaka rangi. Masoko yetu yamejaa vitunguu vyekundu, vya Mang'ola kule Karatu kando ya Ziwa Eyasi, vya Ruaha Mbuyuni, na tunavipita tukitafuta chupa ya ayodini. Wekundu ule wa zambarau umo kwenye ngozi ya nje ya kila tabaka, upande uliobinuka, na umeyeyuka ndani ya vakuoli. Mimea yenyewe imeshatupakia rangi mahali tusipoweza kupafikia, na seli ingali hai.

Ngozi ya nje inabanduka kwa shida kuliko ya ndani. Chora kwa wembe mraba mdogo, upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, kwenye sehemu yenye rangi iliyokoza, kisha inua kona moja kwa kibanio na uvute ukiilaza. Ikija na nyama ya chini, tupa, jaribu tena. Penye kingo zake nyembamba ndipo pa kutazama. Kwenye maji matupu utaona vyumba vya zambarau vilivyojaa hadi ukutani.

Koroga kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisivimbe, katika mililita 100 za maji. Dondosha tone moja ukingoni mwa kijikioo, na ukingo wa pili gusisha karatasi ya tishu inyonye maji. Chumvi inavutwa kupita chini. Dakika chache baadaye rangi inaanza kujitenga na kuta. Inajikusanya, inakoza kwa sababu maji yanapungua na rangi inabaki ile ile, mpaka kila chumba kina bonge la zambarau linaloelea mbali na ukuta wake. Mpaka wa bonge hilo ndio unaoonyesha ulipo utando wa seli, ambao dakika tano zilizopita ulikuwa neno la kukariri. Ulikuwa umebanwa kwenye ukuta, usingeweza kuutenganisha kwa macho.

Sasa nyonya chumvi na ulete maji matamu. Rangi inatanuka, inarudi ukutani. Darasa likiona hilo huwa halinyamazi, na mwalimu asilinyamazishe.

Kipande cha tatu ndicho kinachojibu swali letu. Chovya ngozi ya aina hiyo hiyo kwenye spiriti kwa dakika kadhaa, au kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja, halafu irudie kazi yote. Rangi imevuja imetoka, na iliyobaki haijikusanyi kwa chumvi wala haitanuki kwa maji. Kuta zipo, zimesimama pale pale, umbo ni lile lile la kwenye mchoro. Kilichokwenda ni uwezo wa utando kuchagua: seli hai hupitisha maji na kuizuia chumvi, mfu haizuii kitu. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kuandika kwenye daftari sentensi yenye ushahidi, kwamba seli za kwanza zilikuwa hai kwa sababu zilisinyaa na kurudi, na hizi zimekufa kwa sababu zimeshindwa. Mwenye kuziacha kwenye chumvi kali muda mrefu naye huona hazirudi tena, na hilo pia ni jibu.

Wanafunzi wa pwani watakumbuka kachumbari. Vitunguu vilivyokatwa husuguliwa chumvi, vikatoa maji na kulegea, vikasuuzwa ndipo viende na nyanya. Ni tukio lile lile walilolitazama sasa hivi, limefanywa kwa seli zisizo na idadi. Na machozi? Kitunguu kizima hakimlizi mtu. Ndani ya kila seli kimeng'enya kimewekwa kwenye vakuoli, na kemikali ya salfa kinayoifanyia kazi imewekwa nje yake kwenye saitoplazimu. Kisu kinavunja kizuizi, vitu viwili vinakutana, na baada ya kimeng'enya kingine kufanya kazi yake gesi inayowasha macho inapanda. Mwaka 2002 watafiti wa Japani walionyesha kwamba hicho cha pili ni kimeng'enya mahususi cha kutengeneza gesi hiyo. Sioni mfano bora wa kumwambia mtoto kwa nini seli inahitaji vyumba ndani yake.

Kuhusu hadubini moja na darasa la wanafunzi sitini, kawaida ni foleni: kila mmoja anachungulia sekunde tatu, anasema ameona, anaondoka. Simu ya mwalimu inasaidia sana. Ilaze kamera juu ya lenzi ya jicho, isogeze taratibu mpaka duara la mwanga lijae kwenye kioo, na kusinyaa kote kurekodiwe kwenye video. Foleni iendelee, lakini sasa anayefika anajua anatafuta nini. Zipo pia hadubini za karatasi ya kukunja: Manu Prakash na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha muundo wake mwaka 2014, vipuri vyake vikiwa na gharama isiyofika dola 1, na inayosambazwa hukuza mara 140. Kwa ngozi ya kitunguu hiyo inatosha kabisa.

Mchoro uje mwisho, na uwe wa seli tatu au nne zilizoshikana, kwa penseli iliyochongwa, mstari mmoja usiokatika, bila kivuli, na ukuzaji uandikwe pembeni. Mwalimu akikuta kwenye daftari kiini katikati kabisa na vakuoli ya duara, ajue mtoto amechora kitabu.

Kwa jaribio la mwisho wa mada, mimi ningeacha kuuliza majina. Ningechora seli ya kitunguu kwenye maji ya chumvi, bonge la rangi limejitenga na ukuta, mshale ukielekea kwenye nafasi iliyo kati ya bonge na ukuta, na swali moja: hapa pamejaa nini? Wengi wataandika hewa, na wengine wataandika hakuna kitu. Aliyeelewa atajua kwamba ukuta wa seli hauzuii chumvi, kazi ya kuzuia ni ya utando peke yake, kwa hiyo mahali pale pamejaa maji yale yale ya chumvi yaliyodondoshwa ukingoni mwa kijikioo.