Mo na Kamera Yake
Sifa za mpigapicha Mohamed Amin, "Mo" kwa wenzake, bado hazijatosha. Mzaliwa huyu wa Nairobi alianzisha kampuni ya picha ya Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, kijana mbichi kabisa. Lakini mtazame Korem, Ethiopia, Oktoba 1984: baridi ya alfajiri, maelfu wamejilaza chini na njaa yao, na lenzi yake inapita taratibu, uso kwa uso, bila papara. Maneno ya mwanahabari Michael Buerk wa BBC yalisaidia. Picha ndizo zilizoiamsha dunia. Tuzo zikamiminika. Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimpotezea mkono wa kushoto. Akawekewa wa bandia, akarudi kazini. Ubishi gani huo! Alifariki Novemba 1996, ndege iliyotekwa ilipoanguka baharini Komoro.