Mkasi wa Shabiki: Je, Filamu Iliyoharibika Yaweza Kuokolewa?

Ukurasa huu umezoea riwaya na mashairi. Safari hii naomba ruhusa niizungumzie kanda ya video, tena kanda ambayo haikupata kuuzwa kihalali dukani hata siku moja. Inaitwa The Phantom Edit. Ilianza kupita mkono kwa mkono huko Marekani kati ya mwaka 2000 na 2001. Ndani yake mna filamu ya George Lucas, The Phantom Menace, iliyokatwa na kuunganishwa upya na mtu ambaye Lucas hakumtuma.

Tuliokuwa watu wazima wakati ule tunakumbuka jinsi filamu hiyo ilivyongojwa. Filamu ya tatu ya Star Wars ilitoka mwaka 1983, na hii ikatoka Mei 1999. Miaka 16 si mchezo. Mtoto aliyeshikwa mkono na babake kwenda kuitazama ile ya 1983 alikuwa sasa na mshahara wake mwenyewe. Watu walilala kwenye foleni nje ya kumbi. Kibiashara hakuna aliyelia, kwani iliingiza zaidi ya dola milioni 900 duniani kote. Waliolia ni wapenzi wenyewe, waliotoka ukumbini wakitazamana kama waalikwa wa harusi waliokuta pilau haina nyama.

Malalamiko yalifanana kila mahali. Hadithi inaanza na mzozo wa kodi za biashara na kupitia vikao vya seneti, mambo ambayo hata gazetini tunayaruka. Mtoto Anakin, ambaye tunajua atakuja kuwa yule Darth Vader wa kutisha, anashangilia kila kitu kama yumo kwenye tangazo la biskuti. Ile Nguvu ya Jedi, ambayo katika filamu za kwanza ilikuwa kama jambo la imani, sasa inapimwa kwa damu kama malaria: kuna viumbe vidogo mno viitwavyo midi-chlorian, na mwenye navyo vingi ndiye mteule. Na juu ya hayo yote yupo Jar Jar Binks, kiumbe wa masikio marefu, anayejikwaa, anayekanyaga kinyesi, na kuzungumza Kiingereza cha kuvunjavunja ambacho wahakiki wengi wa 1999 walisema kinawakejeli watu weusi wa Karibi.

Aliyeshika mkasi alikuwa Mike J. Nichols, mhariri wa filamu wa California. (Si yule Mike Nichols mwongozaji wa The Graduate; majina tu yamegongana.) Mwanzoni alijificha nyuma ya jina la The Phantom Editor, na uvumi ukavuma kwamba ni mwongozaji Kevin Smith, naye akakana. Nichols alipunguza takriban dakika 20 katika filamu ya dakika 133, kisha akaandika upya yale maandishi ya manjano yanayopanda mwanzoni, akieleza nia yake. Kampuni ya Lucasfilm haikuonekana kukasirika sana hapo awali, lakini nakala zilipoanza kuzaana na kuuzwa ikakumbusha kwamba hakimiliki ni hakimiliki.

Nimezitazama zote mbili, jioni mbili mfululizo, daftari mkononi. Nisifiche: ya Nichols ni filamu bora kuliko ya Lucas. Tazama mfano mmoja tu. Karibu na mwisho, Anakin anajikuta ndani ya chombo cha vita kinachoruka chenyewe, kinamfikisha ndani ya meli kubwa ya adui, naye anailipua karibu kwa bahati, huku akitoa visauti vya kitoto vya kustaajabu makosa yake. Nichols alikata vile visauti. Hakuongeza picha wala neno. Na ghafla mtoto yule yule, uso ule ule, anaonekana kama anajua anachokifanya. Kwa mara ya kwanza nilimwona ndani yake yule mtu atakayekuja kuogopwa. Kadhalika mazungumzo ya vile viumbe vya damu yamepunguzwa, porojo za askari roboti zimepunguzwa, na maadui wakinyamaza kidogo wanarudisha hatari yao.

Huu ndio uhakiki wa hali ya juu, kwa maoni yangu. Sisi tunaoandika tunasema filamu imerefuka, mtoto anakera, basi, tunatia sahihi na kwenda zetu. Mtu huyu alionyesha sekunde ipi inakera, akaiondoa, akatuacha tuone tofauti kwa macho yetu. Katika mamia ya kurasa zilizoandikwa kuhusu filamu hiyo sijaona hoja iliyonishawishi kama ule ukimya wa Anakin.

Lakini swali letu ni kama filamu yaweza kuokolewa, na hapo mambo yanabadilika.

Kwanza fikiria kazi yenyewe ilivyo. Mhariri wa studio hupewa masaa na masaa ya picha, pembe tano za tukio moja, sauti ya mwigizaji peke yake, muziki peke yake. Shabiki anayo filamu iliyokwisha kupikwa. Sauti za watu, milio ya vyombo na muziki wa John Williams vimeshachanganywa, kwa hiyo akikata sentensi ya mtu anaikata na tarumbeta iliyo nyuma yake, na sikio hustuka hata pale jicho lisipoona kitu. Filamu ilipotoka kwa DVD Oktoba 2001 mambo yalikuwa rahisi zaidi, maana sauti ya DVD hugawanywa kwenye njia kadhaa na mazungumzo mengi hukaa njia ya katikati. Mashabiki waliofuata waliitumia nafasi hiyo vizuri. Hata hivyo ni kazi ya kupunguza chumvi kwenye mchuzi uliokwisha iva.

Pili, na hili ndilo kubwa, kuna upungufu usiokatika kwa mkasi kwa sababu haukuwekwa, umekosekana. Mwulize mtu yeyote: The Phantom Menace ni hadithi ya nani? Anakin anaingia baada ya nusu saa kupita. Obi-Wan, ambaye filamu nyingine zote zinamhitaji, anaachwa amekaa melini wakati mwalimu wake Qui-Gon anazunguka jangwani Tatooine. Malkia anafichwa nyuma ya rangi ya uso na nyuma ya malkia wa bandia. Qui-Gon ndiye anayefanya maamuzi, lakini hana anachokitaka kwa moyo kiasi cha kutufanya tumhofie. Hakuna mtu wa kumshika mkono. Nichols angekata dakika 20 nyingine, 40, bado mtu huyo asingepatikana.

Na jambo la kusikitisha ni kwamba wenyewe walijua. Kwenye ile DVD mna filamu ya kumbukumbu iitwayo The Beginning, na humo kuna dakika chache ambazo kila anayejifunza uandishi angepaswa kuziona. Lucas na wenzake wametoka kuitazama filamu ikiwa bado haijakamilika. Nyuso zimewashuka. Mhariri Ben Burtt anasema kwamba mwishoni, ndani ya muda mfupi mno, mtazamaji anarushwa kutoka msiba hadi vichekesho na kurudi tena. Lucas anakubali kwamba huenda amepitiliza mahali fulani. Kisha anaeleza kwa nini si rahisi kupunguza: kila kipande kimefungwa na kingine, ukivuta uzi mmoja zinakuja zote. Basi, kama mwenye filamu, na picha zake zote na mafundi wake wote, alishindwa kuufungua uzi ule, shabiki na kanda yake atafanya nini?

Mtu atanijibu kwamba Star Wars ya kwanza kabisa, ya 1977, iliokolewa na uhariri. Ni kweli. Marcia Lucas, Paul Hirsch na Richard Chew walipata Oscar kwa kazi hiyo, na walistahili. Walitupa matukio ya mwanzo ya Luke akiwa na marafiki zake, ili tumkute pale hadithi inapomhitaji. Katika vita vya mwisho walijenga tishio ambalo halikuandikwa hivyo: ile ngome ya Death Star inayokaribia kuilipua kambi ya waasi, dakika zikihesabiwa. Lakini waliijenga kwa sauti mpya na picha za ziada. Waliweza kutia, si kutoa tu. Mkasi uliookoa filamu ya 1977 ulikuwa na sindano upande wa pili.

Hapa siwezi kuacha kuwakumbuka watu wetu wa nyumbani ambao wamekuwa wakitia kwa miaka mingi bila kuitwa wahariri. Nawasema wasimulizi wa filamu: Lufufu kule Dar es Salaam, DJ Afro Kenya, VJ Jingo Uganda. Hawakati picha hata moja. Wanaiacha filamu ya Marekani au ya Hong Kong ipite kama ilivyo, na juu yake wanaweka sauti: wanaeleza, wanatania, wanawapa wahusika majina na nia ambazo mwandishi hakuwapa. Jambazi asiye na maana anakuwa mtu anayedaiwa kodi ya nyumba. Waliokaa kwenye mabanda ya video wanajua kwamba filamu iliyopooza yaweza kuchangamka hivyo. Napenda kufikiri kwamba msimulizi mzuri angeifaa The Phantom Menace kuliko mkasi, kwa sababu angempa Qui-Gon kile alichokosa, sababu ya kutaka jambo. Bila shaka ingekuwa filamu nyingine, lakini hata ya Nichols ni nyingine.

Kuna wanaosema shabiki hana haki ya kugusa kazi ya msanii. Ningewasikiliza zaidi kama msanii mwenyewe angeiheshimu kanuni hiyo. Mwaka 1988 Lucas alikwenda mbele ya Bunge la Marekani kuzipinga kampuni zilizokuwa zikibadilisha filamu za zamani, kwa mfano kuzitia rangi zile nyeusi na nyeupe. Aliongea vizuri. Mwaka 1997 akazirudisha kumbini filamu zake tatu za kwanza zikiwa na picha mpya za kompyuta na matukio yaliyobadilishwa, likiwemo lile la Han Solo ambaye awali alimpiga risasi Greedo kabla hajapigwa na sasa anangoja arushiwe yeye kwanza. Zile za asili zikawa adimu. Mwaka 2006 zilitolewa kama nyongeza ya DVD, kwa ubora duni. Mashabiki ndio walioanza kuzirudisha: tangu 2011 kijana wa Jamhuri ya Czech anayejulikana kama Harmy alisambaza matoleo yaliyoshonwa fremu kwa fremu ili kupata filamu kama zilivyoonyeshwa mara ya kwanza. Wenzetu wa London walipata bahati Juni 2025, British Film Institute ilipoonyesha nakala halisi ya ile ya 1977. Kwa hiyo mkono wa shabiki hauvunji tu, unahifadhi pia.

Jaribio kali kuliko yote alilifanya mwigizaji Topher Grace mwaka 2012. Alichukua filamu zote tatu za mfululizo wa pili, karibu saa saba, akazifanya dakika 85, akawaonyesha wageni waalikwa. Kutoka The Phantom Menace alibakiza karibu pambano la panga za mwanga peke yake. Inasemekana ilipendeza. Sishangai, kwani pambano lile ni zuri. Ila ukiokoa nyumba kwa kubakiza mlango mmoja wa kuchongwa, hujaiokoa nyumba.

Nimemwacha Jar Jar mwisho kwa makusudi. Sauti na mwili wake vilitoka kwa Ahmed Best, kijana Mmarekani mweusi aliyekuwa mcheza ngoma na muziki wa jukwaani kabla ya Lucas kumchukua. Mwaka 2018 alieleza hadharani kwamba chuki iliyomwangukia baada ya filamu hiyo ilimfikisha kwenye wazo la kujiua. Jake Lloyd, mtoto aliyeigiza Anakin, naye alisumbuliwa, na baadaye akauacha uigizaji. Tunapozungumza juu ya kukata tukumbuke kwamba kuna watu ndani ya picha, na wengi walioitaka ile kanda waliitaka ili wamwone Jar Jar akifutwa.

Nichols hakumfuta, na hili halisemwi sana. Alimpunguzia mizaha na mianguko. Mpwa wangu wa miaka 9 alilalamika kwamba kile kichekesho chake kimeibwa, na ana haki, kwa sababu filamu ilitengenezewa yeye na si mimi. Lakini katika kile kilichobaki nilimwona kiumbe aliyefukuzwa kwao, anayerudishwa mbele ya mkubwa wake akiwa na wageni na aibu, na baadaye anapewa jeshi aliongoze bila kujua kwa nini. Mabega yake yanashuka kidogo pale anaposimama mbele ya wenzake. Best aliigiza hilo mwaka 1999, likafunikwa na vurugu. Mwaka 2023 alirudi kwenye Star Wars, katika tamthilia ya The Mandalorian, uso wake ukionekana na akiwa Jedi, panga mbili mkononi.