Mtaala wa Kufumua na Kushona Upya

Sheria ya Ubelgiji haimlazimishi mtoto kwenda shule. Inalazimisha afundishwe, na hayo ni mambo mawili. Ibara ya 24 ya Katiba inalinda uhuru wa elimu, na sheria ya elimu ya lazima ya 29 Juni 1983 inamkubali mzazi anayetimiza wajibu huo nyumbani. Ujerumani, jirani wa mlango wa pili, imekataza. Ufaransa ilikaza kamba kwa sheria ya Agosti 2021: zamani mzazi alitoa taarifa tu, sasa anaomba kibali, na anaweza kunyimwa. Kwa hiyo mama wa Tanga au baba wa Bukavu anayekaa Evere, manispaa ya kaskazini-mashariki mwa Brussels iliyo jirani na makao makuu ya NATO na yenye makaburi makubwa ya jiji, ana uhuru ambao ndugu yake wa Cologne hana.

Uhuru huo ndio unaowapoteza wengi. Mzazi akishaamua mtoto wake wa miaka mitatu au minne asomee nyumbani, swali lake la kwanza ni: ninunue mtaala upi? Vifurushi viko tele. Kuna vitabu vya ACE vilivyoanzia Texas, ambavyo familia nyingi za Kikristo Kenya zinavijua. Kuna visanduku vya mbao vyenye jina la Montessori. Kuna orodha za vitabu za wafuasi wa Charlotte Mason, Mwingereza ambaye, kwa taarifa yako, hakutaka mtoto apewe masomo rasmi kabla ya miaka sita. Naona swali hilo limewekwa kichwa chini miguu juu. Mtaala huchaguliwa kwa kuangalia mlango wa kutokea, na mtoto wa Evere ana milango miwili tu.

Tuanze na umri. Chekechea ya Ubelgiji ni bure na humpokea mtoto tangu miaka miwili na nusu, na karibu watoto wote wa nchi hii huipitia. Hata hivyo, hadi 2020 wajibu wa elimu ulianza miaka 6. Sheria ya 2019 iliushusha hadi miaka 5, kuanzia 1 Septemba 2020. Kinachohesabiwa ni mwaka wa kalenda: mtoto anayetimiza miaka mitano Desemba tayari yumo ndani ya wajibu tangu Septemba ya mwaka huohuo. Maana yake, katika ile miaka mitatu ya chekechea, ni wa mwisho pekee unaoguswa na sheria. Miaka miwili ya kwanza hakuna anayekuuliza lolote. Mwaka wa tatu unaandika taarifa rasmi mwanzoni mwa Septemba.

Unamwandikia nani? Hapo ndipo Brussels inapokuwa Brussels. Elimu hapa iko chini ya Jumuiya ya Kifaransa au ya Kiflemi, na mzazi anachagua. Upande wa Kifaransa, wakaguzi huangalia kiwango cha mtoto akiwa na miaka 8 na tena 10, kisha anafanya mtihani wa cheti cha elimu ya msingi, CEB, kufikia miaka 12. Upande wa Kiflemi, mtoto anapelekwa mbele ya tume ya mitihani kufikia miaka 11, na asipofaulu mara mbili anaandikishwa shule. Hakuna mlango wa Kiswahili, wala wa Kiingereza. Familia inayonunua kifurushi cha Kiingereza kwa sababu wazazi wanakijua Kiingereza inamtembeza mtoto barabara nzuri isiyofika kwao.

Jumuiya ya Kifaransa ina mwongozo wa stadi za chekechea unaotumika tangu 2020, nao ni waraka wa wazi ambao yeyote anaweza kuusoma bila senti. Mzazi mwenye haraka ataushangaa: haumtaki mtoto wa miaka mitano ajue kusoma. Unataka asikie sauti ndani ya neno, asimulie kisa kwa mpangilio, alinganishe, apange, ahesabu idadi ndogo, ashike kalamu vizuri, aujue mwili wake. Hiyo ndiyo ramani, lakini ramani haisemi upande gari gani.

Kuhusu gari, mfano bora ninaoujua hautoki Ulaya. Unatoka Mombasa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, viongozi wa jamii za Waislamu wa pwani ya Kenya walimwomba Aga Khan msaada wa elimu, kwa sababu watoto wao walikuwa wakibaki nyuma shuleni. Mzazi wa pwani alikuwa na njia panda. Angempeleka mwanawe chuoni akajifunza Qurani na adabu, au angempeleka shule ya watoto ya mjini, ada juu, lugha na nyimbo za watu wengine. Wengi walichagua chuo, na darasa la kwanza likawa mlima. Mwaka 1986 ikafunguliwa shule ya kwanza ya mpango mpya, ndani ya mazingira ya madrasa. Mpango ulifika Zanzibar 1990 na Uganda 1993. Jina linalotajwa tangu siku za kwanza ni la mwalimu wa Mombasa, Bi Swafiya Said.

Kinachonivutia ni jinsi mafundi wa mpango huo walivyoshona. Waliuchukua mtaala wa HighScope, uliozaliwa Ypsilanti, Michigan, katika miaka ya 1960 kwa ajili ya watoto weusi wa familia maskini. Moyo wake ni mzunguko mmoja: mtoto apange atakachofanya, akifanye, kisha akisimulie. Mzunguko huo hawakuugusa. Vingine vyote walivifumua. Vitu vya plastiki vikatoka, vikaingia vifuu, mbegu, makuti, vibao na mchanga. Nyimbo zikawa za Kiswahili. Dua na hadithi za mitume zikaingia ndani ya siku yenyewe badala ya kuwekewa kipindi chake pembeni. Kona za shughuli za chumbani zilibaki, lakini kona ya nyumbani ikawa na mbuzi ya kukunia nazi.

Na matokeo yakapimwa. Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha mwaka 2008 ulinganisho wa watoto wa Kenya, Uganda na Zanzibar: wa shule hizo za madrasa, wa shule nyingine za awali, na waliobaki nyumbani. Wote waliosoma waliwapita wa nyumbani, na wale wa madrasa wakaongoza. Mzazi wa Evere aisome habari hii vizuri kabla hajashangilia wala kukata tamaa. Watoto wale wa nyumbani hawakuwa na mpango wowote wa masomo, kwa hiyo utafiti hauisemi vibaya nyumba yenye mpango. Unachosema ni kwamba nyumba tupu haitoshi, na kwamba mtaala uliofumuliwa kwa akili unaweza kuzipita shule nyingine za awali.

Sasa tulete mkasi na uzi Evere.

Kipande cha kwanza ni kusoma, na hapa Kiswahili ni mtaji ambao wazazi wengi wanauacha kabatini. Mwaka 2003 Philip Seymour wa Dundee na wenzake walilinganisha watoto wanaojifunza kusoma katika lugha 13 za Ulaya. Mwishoni mwa darasa la kwanza, katika kila maneno 100 ya kawaida, Wafini walisoma sawasawa 98, wanaosoma Kiholanzi 95, Wafaransa 79, na watoto wa Uskoti wanaosoma Kiingereza 34. Si suala la akili. Ni tahajia: Kifini huandikwa kinavyosikika, Kiingereza ni kichaka. Kiswahili hakikuwemo, lakini kwa uaminifu wa herufi kwa sauti kinakaa benchi moja na Kifini. Irabu tano, silabi zinazoishia kwa irabu karibu zote, ba be bi bo bu. Mtoto akiishika siri hiyo, kwamba herufi ni sauti na sauti zinaungana, ameishika kwa lugha zote.

Kinachovuka kwenda Kifaransa ni kingi kuliko inavyodhaniwa. Neno «papa» la Kifaransa mtoto wa Kiswahili atalisoma bila kosa, ingawa kichwani ataona samaki mwenye meno. «Moto» atalisoma vilevile, akifikiria jikoni badala ya pikipiki. Kicheko hicho ni somo: maandishi hutoa sauti, na lugha ndiyo inayotoa maana. Kisha yako ya kufumua. «U» ya Kiswahili Wafaransa huiandika «ou», na «u» yao ni sauti tusiyo nayo. «Ch» yao ni «sh» yetu. Herufi za mwisho mara nyingi hukaa kimya kama mgeni asiyeagizwa chai. Ningeyaacha hayo hadi silabi za Kiswahili zimekaa, na nisingeyachanganya katika wiki moja.

Hesabu nayo ina mitego yake. Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu: Kiswahili kinamwonyesha mtoto kumi waziwazi, wakati «onze, douze, treize» vinamficha. Fundisha 11 hadi 19 kwa Kiswahili kwanza. Kuanzia hapo faida inapungua, maana ishirini na thelathini tulizipokea kutoka Kiarabu na hazionyeshi mbili wala tatu ndani yake. Waholanzi husema tatu na ishirini wakimaanisha 23, jambo la kumtayarishia mtoto wa mlango wa Kiflemi mapema. Wabelgiji wa Kifaransa wana huruma: 70 na 90 kwao ni neno mojamoja, «septante» na «nonante», si zile hesabu za kujumlisha za Paris.

Saa ni mgogoro. Mshale uko kwenye 7, mama anasema saa moja. Afrika Mashariki jua lenyewe ni shahidi. Evere, jua la Desemba huchomoza karibu saa tatu asubuhi na la Juni saa kumi na moja na nusu, shahidi amekuwa kigeugeu. Ushauri wangu ni kuufundisha uso wa saa kwa Kifaransa au Kiholanzi pekee, na saa ya Kiswahili ibaki ya mdomo, ya kumpigia bibi simu.

Kipande kinachofuata kiko mtaani kwenyewe. Ovide Decroly, daktari wa Kibelgiji mzaliwa wa Ronse, alifungua shule yake Brussels mwaka 1907, mwaka uleule Maria Montessori, daktari naye, alipofungua nyumba yake ya watoto Roma. Dunia ilimchukua Montessori, Decroly akabaki wa kwao. Yeye hakupanga masomo kwa majina ya masomo. Aliyapanga kwa mahitaji manne ya binadamu: kula, kujikinga na hali ya hewa, kujilinda na hatari, na kufanya kazi. Chukua kula. Evere kuna kinu cha upepo cha 1841 kilichogeuzwa makumbusho ya kinu na chakula. Mashamba ya hapa yalilimwa witloof, mboga nyeupe inayochipuzwa gizani. Weka mzizi mmoja kwenye ndoo ya udongo, ifunike, mtoto afunue kila siku chache. Pembeni saga mahindi kidogo kwa kinu cha mkono, songa ugali. Kuna sayansi, historia, hesabu ya vikombe na msamiati wa lugha mbili, bila kijitabu hata kimoja. Bwawa la Moeraske, hifadhi ndogo iliyo hapohapo, linatosha msimu mzima wa vyura na matete.

Lakini mbinu ya kusoma ya Decroly ningeifumua nje. Alianza na sentensi nzima, mtoto aitambue kwa umbo lake kama picha. Katika lugha yetu umbo halitulii: ninapenda, unapenda, wanapenda, hawapendi. Mtoto atakariri picha mia kwa kitenzi kimoja. Silabi zinamaliza kazi hiyo kwa wiki chache.

Kwa uti wa mgongo wa Kiswahili, mtaala wa elimu ya awali wa Taasisi ya Elimu Tanzania ndio ninaoupendekeza. Toleo la 2016 lilipangwa kwa umahiri sita, kuanzia kuhusiana na kuwasiliana, kupitia afya na mazingira, hadi sanaa na hisabati, nao unalala juu ya mwongozo wa Jumuiya ya Kifaransa karibu bila kukunja. Hadithi za African Storybook ni za bure, na Akili and Me, katuni ya Ubongo ya Dar es Salaam, inafaa kwa dozi. Familia ya Kivu au Katanga isikwazwe: nyumbani ni «batoto», kitabuni ni «watoto». Mtoto husikia tofauti hiyo akatulia kuliko wazazi wanavyogombana juu yake.

Linabaki pengo ambalo hakuna mtaala unaoliziba, Kifaransa cha uwanjani. Mtoto wa miaka minne hujifunza lugha kwa kunyang'anyana baiskeli, na sebuleni hana wa kunyang'anyana naye. Kama wazazi wote wawili hawasemi Kifaransa wala Kiholanzi kwa ufasaha, naona ni kosa kumfungia nyumbani miaka yote mitatu, na nasema hivyo nikiipenda elimu ya nyumbani. Sheria yenyewe imeacha njia ya kati. Kabla ya mwaka wa miaka mitano mahudhurio si lazima, kwa hiyo unaweza kuzungumza na mwalimu mkuu mtoto aende asubuhi, mchana arudi kwa vifuu na silabi zake. Mwaka wa tatu utakapofika utakuwa na miaka miwili ya kumwona akisoma, akicheza na kuzungumza, na taarifa ya Septemba utaiandika ukijua unachokiandika.

Na kama hata hilo ni zito, shule za Ubelgiji hufunga mchana wa Jumatano. Ndoo ya witloof na ba be bi bo bu vinaanza hapo.