Mshona Vyandarua wa Kitabuni

Je, msaada wa kigeni hukuza uchumi wa nchi changa, au huudumaza? Dambisa Moyo, mchumi mzaliwa wa Zambia, alijibu kwa ukali katika kitabu chake Dead Aid, kilichopigwa chapa mwaka 2009. Humo asimulia habari za mshona vyandarua mwenye wafanyakazi kumi, kila mmoja na jamaa tele wamtegemeao. Mara shehena za vyandarua vya bure zawasili kutoka ng'ambo. Nani atanunua tena kwa mshonaji? Karakana yafungwa, na baada ya miaka michache vyandarua vya bure vyararuka, wala hakuna wa kushona vingine.

Hadithi hii ndiyo nguvu ya kitabu. Mwandishi hashambulii chakula cha wenye njaa. Shabaha yake ni fedha zipewazo serikali mwaka hata mwaka, na hapo ana haki: serikali ilishwayo na wageni huwasikiliza wageni kuliko walipa kodi wake.

Walakini mshonaji huyo ni wa kubuni. Mjini Arusha kiwanda cha A to Z kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vyenye dawa, kwa ufundi kilioupata kwa kampuni ya Kijapani, Sumitomo Chemical. Maelfu ya watu, wengi wao wanawake, walipata kazi. Wanunuzi wakubwa walikuwa nani? Mashirika ya misaada! Msaada uliomfilisi mshonaji wa kitabuni uliwaajiri washonaji wa Arusha, kwa sababu fedha zilitumiwa papa hapa Afrika Mashariki. Tena hadithi haimtaji mtoto alalaye ndani ya chandarua. Wataalamu walikadiria mwaka 2015 kwamba, katika kila homa 100 za malaria zilizoepukwa Afrika tangu mwaka 2000, 68 ziliepukwa kwa vyandarua vya namna hiyo. Mkulima asiye na homa hulima, na mavuno yake ni uchumi pia.

Udhaifu mkubwa zaidi u katika tiba. Moyo azishauri serikali ziache msaada, zikakope kwa kuuza hatifungani katika masoko ya fedha ya dunia, kwani soko halina huruma na litazitia adabu. Zambia, nchi yake mwenyewe, iliuza hatifungani za dola milioni 750 mwaka 2012, za bilioni 1 mwaka 2014, na za bilioni 1.25 mwaka 2015. Sisemi kitabu ndicho kilichoituma. Bei ya shaba ilianguka, na wakubwa walikopa kwa pupa. Lakini soko hilo lenye kutia adabu lilikopesha mara tatu kabla ya kushtuka. Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5, na mwaka 2022 ikapewa ahadi ya dola bilioni 1.3 na Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa masharti yaliyoandikwa na wageni.