Hela: Sarafu Iliyotoweka, Neno Lililobaki

Kuifasili hela kwa visawe pesa na fedha pekee ni kuficha historia ya neno hilo na mipaka ya matumizi yake. Hela imetoholewa kutoka Heller, sarafu iliyoanza kutolewa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1904. Heller 100 zilikuwa sawa na rupia moja. Kabla ya hapo, rupia iligawanywa katika pesa 64. Kwa hiyo, pesa na hela yote yalikuwa majina ya sarafu ndogo kabla ya kupanuka maana. Shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza mwaka 1921 ikiwa na senti 100, Heller haikuwa na nafasi tena katika mfumo wa fedha, lakini jina lake lilibaki.

Inaweza kudaiwa kwamba ni kawaida ya lugha kuita fedha zote kwa jina la sarafu ndogo. Ngorongoro inatoa mfano unaopinga dai hilo. Wamaasai huita fedha iropiyiani, neno linalotokana na rupia. Mfumo uleule wa fedha, basi, uliacha jina la sarafu kubwa katika Kimaasai na la sarafu ndogo katika Kiswahili. Yumkini tofauti hiyo ilitokana na miamala: ng'ombe aliuzwa kwa rupia, ilhali mahitaji madogo ya dukani yalilipiwa kwa sarafu ndogo. Hata hivyo, rupia ilitumika pia upande wa Kenya, hivyo iropiyiani haiwezi kuhusishwa na utawala wa Kijerumani pekee. Hela inaweza.

Kuhusu rejesta, mnunuzi sokoni Karatu husema "sina hela" bila kusita, lakini serikali ina Wizara ya Fedha, si ya Hela. Visawe hivyo havibadilishani nafasi katika kila muktadha. Tena, neno linaloonekana leo kuwa la mazungumzo ya kawaida ndilo lililochapwa na dola juu ya sarafu zake, ilhali fedha lilikuwa, na lingali, jina la madini.

Kidahizo hela kinastahili kuonyesha mambo matatu: asili yake, thamani ya sarafu iliyolizaa, na rejesta yake. Bila hayo, msomaji hupata maana ya neno huku akikosa kujua ni wapi linafaa kutumika.